Ukingo wa Kiganja cha Mama Mkwe

Nilipoolewa Ujiji nikitokea Kasulu, wifi yangu hakuhangaika kunionyesha ziwa. Ziwa lilikuwa pale, kubwa, nililiona bila msaada wa mtu. Alinishika mkono akanivuta hadi uani, akina mama walikokuwa wakipika mawese, akaniambia nimtazame mama yake. Mama mkwe alichota mafuta yanayochemka kwa upawa mrefu, akadondosha tone ukingoni mwa kiganja chake cha kulia, upande wa kidole cha mwisho, akaliacha hapo huku akimalizia habari ya jirani aliyeibiwa mbuzi. Kisha akalinusa na kusema bado yana maji. Akina mama wakacheka kwa raha, na mmoja akapiga kigelegele. Mimi niliukunja mkono wangu na kuuficha ndani ya khanga, kana kwamba nimeungua mimi.

Kwa asiyejua kazi ile, nieleze kidogo. Chikichi huchemshwa kwenye pipa, hutwangwa, hukamuliwa, na yale mafuta mekundu yanayotoka hurudishwa motoni yachemke mpaka maji yote yaishe. Yakitolewa mapema huchacha kabla hayajafika kwa mnunuzi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema sasa tayari, na katika kikundi chetu mtu huyo alikuwa mama mkwe. Wengine nao walijaribu kwa tone mkononi, lakini walilikung'uta haraka huku wakipuliza. Yeye alitulia nalo. Kaa la moto likidondoka nje ya mafiga alilisukuma ndani kwa ukingo uleule wa kiganja, na alipotokwa na malengelenge alisema hizo ndizo pete zake za kazi. Watu wa mtaa wetu walimwita mkono wa chuma, na sifa hiyo ilikuwa imetoka nje ya mtaa ikafika hadi Bangwe.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila kitu kilifanywa kwa pamoja, hata vile ambavyo mtu angependa kuvifanya peke yake. Akina mama wa mtaa walikuwa wameunganishwa kuwa kikundi, wakapewa mapipa, wakachagua viongozi. Mama mkwe hakuwa kiongozi kwenye karatasi yoyote. Lakini mafuta hayakutoka motoni mpaka yeye aseme, na hata mwenyekiti wa tawi alijua kwamba akija kuhutubia wakati mafuta yanachemka, atahutubia peke yake.

Nilimwogopa kwanza, nikampenda baadaye, na katikati ya hapo nilimkasirikia sana. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno hata akikutukana unasikiliza. Kila nilipojisahau nikajibu "ego" ya kwetu badala ya "ndiyo", naye alijibu "ego" kwa sauti yangu hasa, mpaka nikaona heri nicheke. Lakini nilipojifungua mtoto wa kwanza yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto kila asubuhi na kunipikia uji, na hakumruhusu mwanawe, yaani mume wangu, kulalamika kwamba nyumba imelala njaa. Alimwambia jiko analiona lilipo.

Sukari ilimpata kabla sijafika katika nyumba ile. Kichupa cha dawa yake kilikaa ndani ya mtungi mdogo, kimezungushiwa mchanga wenye majimaji ili kisipate joto, na bomba la sindano la kioo tulilichemsha katika kisufuria ambacho hakuna aliyethubutu kukitumia kwa chai. Miguu ilimwaka moto mara nyingine, na mara nyingine haikuwa na habari yoyote. Aliweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu kutoka nyumbani hadi soko la Mwanga asijue. Tulishazoea. Na kwa sababu tulishazoea, kila jambo lake tulilitupia sukari. Akijikwaa, sukari. Akisahau, sukari. Siku alipomkaripia mwenyekiti wa tawi mbele ya mkutano, watu walisema sukari imempanda, ingawa mimi niliyekuwepo najua ilimpanda haki.

Kwa hiyo mkono ulipoanza kuharibika, hakuna aliyeshangaa. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilianza kujikunja, kana kwamba vinashika kitu ambacho hatukioni. Nilikuwa nakula naye sahani moja, nikaona wali unampita katikati ya vidole na kurudi sahanini kabla haujafika mdomoni. Vifungo vilimshinda. Upawa ulimponyoka. Ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilibonyea pakawa kama shimo. Baadaye akaanza kula peke yake, akisema kelele za watoto zinamwondolea hamu, na hapo ndipo nilipojua kwamba amekwisha kuona ninachokiona. Wahudumu wa zahanati waliambiwa ni mgonjwa wa sukari, wakasema basi ni sukari, wakamwongezea dawa. Mume wangu, karani wa bandarini na mtu wa kuamini kila kinachosemwa na mwenye koti jeupe, akasema tufuate dawa.

Mama mkwe aliniita tukiwa wawili tu, tunachambua dagaa. Akaniambia, "Miguu ikinikataa mtanikalisha mahali nikae. Lakini huu ndio mkono wa kulia. Ndio ninaokulia, ndio ninaopikia, ndio ninaompa mtu nikimsalimu. Nataka nife nao." Kisha akaendelea kuchambua dagaa. Kesho yake nilimwambia mume wangu kwamba nampeleka mama hospitali kubwa Kigoma, na kwamba sikuwa namwomba ruhusa.

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana wa pwani, mfupi, mwenye kitambi kidogo na sauti ya chini, na foleni yake ilikuwa mashuhuri kwa kutosogea. Wagonjwa walimsengenya mbele ya mlango wake. Wauguzi walimgongea wakamwambia watu ni wengi, naye akawajibu kwamba anawaona. Mimi nilikuwa wa kwanza kukasirika, maana mtoto nilimwacha kwa jirani na jua lilikuwa limekwisha kupinda. Tulipoingia nikaelewa kwa nini. Mtu yule alipomshika mgonjwa mmoja, wengine wote duniani walikuwa hawapo.

Alimwamkia mama mkwe shikamoo kwanza, akamsikiliza hadi mwisho bila kuandika. Kisha akaanza na miguu. Alikuwa na uma wa chuma wenye meno mawili ambao akiugonga hutetemeka, akaugusisha kwenye kidole gumba cha mguu, akamwuliza anasikia nini. Hakusikia kitu. Akapanda nao taratibu, kifundo, muundi, goti, mguu huu na mguu ule, na majibu yalikuwa sawasawa pande zote mbili. Akagonga magoti kwa nyundo ya mpira. Akatoa pia kijiti chenye kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, alichojitengenezea mwenyewe kwa uzi wa sokoni, akamwambia mama afumbe macho na kila akisikia uzi unamgusa aseme hapa. Aliubonyeza tu mpaka upinde, kisha akauondoa.

Mkononi mambo yakawa mengine. Mkono wa kushoto mama alisema hapa, hapa, hapa, kila kidole. Mkono wa kulia alisikia gumba, cha shahada na cha kati, lakini cha mwisho hakuwa nacho kabisa, na kidole cha pete alikisikia upande mmoja tu. Daktari akarudia. Akambania karatasi kati ya vidole na kumwambia aishike isitoke, ikatoka kama iliyowekwa juu ya meza. Akamtazama yule mama kama mtu anayesoma barua iliyotoka mbali. Kisha akauliza anafanya kazi gani, anakaaje akifanya, analalaje, kiwiko anakiegemeza wapi. Mama akamweleza mawese mwanzo hadi mwisho, kwa madaha, maana alipenda kuulizwa. Daktari akasema angependa kuja kuona.

Nilidhani ni maneno ya adabu. Jumamosi alikuja kwa baiskeli, jasho limemlowesha mgongo, akakuta akina mama wamemwekea kiti na chai ya maziwa. Kiti hakukikalia. Alisimama karibu na moto, akamtazama mama mkwe anavyosimama, anavyokoroga, anavyoinama. Baadaye alinieleza kwamba mshipa wa fahamu wa mkono ule hupita nyuma ya kiwiko, na mtu anayeegemea kiwiko siku nzima huweza kuubana hadi mkono ukafa ganzi, kwa hiyo alitaka kuona kama ndivyo. Mama mkwe hakuegemea popote. Mpishi wa mawese hana nafasi ya kuegemea.

Alikuwepo rafiki yake wa tangu utoto, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye alimwita yaya, kama watu wa asili ya Kongo wanavyomwita dada mkubwa. Yeye ndiye aliyeona mgeni anatazama sana na hasemi, akataka kumburudisha. Akasema daktari aonyeshwe mkono wa chuma. Mama mkwe hakungoja kubembelezwa. Alichota, akadondosha tone, akalituliza ukingoni mwa kiganja na kumtazama daktari kwa tabasamu. Sote tulicheka. Daktari peke yake hakucheka. Alichuchumaa pale majivuni na suruali yake safi, akaushika ule mkono, akaupangusa mafuta kwa leso yake.

"Mama, umesikia moto?"

"Nimezoea, mwanangu."

"Sikuulizi kama umezoea. Nakuuliza kama umesikia."

Mama mkwe aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akina mama waliendelea kucheka kidogo, kisha wakaacha, na mafuta yakabaki yanatokota peke yake. Miaka yote ile tulikuwa tunashangilia ugonjwa. Sisemi hivi kujilaumu. Nani angejua? Mkono wa mpishi usiposhtuka motoni, wapishi wanaona ustadi.

Jumatatu tulirudi hospitali. Daktari alimwambia anataka kuiona mikono yote hadi mabegani. Mama mkwe aliona haya, si kwa daktari bali kwangu, akasema mkwe wake atazame pembeni. Nikageukia ukuta. Lakini mikono ile niliijua. Kama wapishi wote wa mawese alikuwa na madoa meupe kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, makovu ya mafuta yaliyoruka. Tuliyaita chapa za pipa. Msichana akianza kazi kwenye kikundi na kupata la kwanza, alitaniwa kwamba sasa amesajiliwa. Hakuna aliyeyatazama moja moja.

Daktari aliyatazama moja moja. Nilikuwa nasikia tu. Mama alifumba macho, na kila doa lilipoguswa na ule uzi alisema hapa. Hapa. Hapa. Hapa. Halafu pakawa kimya. Nilingoja, kimya kikazidi, nikashindwa na adabu nikageuka. Uzi ulikuwa umepinda juu ya doa moja nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, macho kayafumba, anangoja kuguswa.

Doa lile halikuwa kama mengine, ukishaambiwa. Lilikuwa kavu, halina hata unywele mmoja, na kingo zake zilikuwa zimeinuka kidogo. Daktari alipeleka kidole gumba nyuma ya kiwiko, akapapasa taratibu, kisha akaniita nami nipapase. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kama kamba. Akaniambia nipapase kiwiko cha kushoto, nikakuta uzi mwembamba tu. Akaniambia nipapase changu mwenyewe. Sijui madaktari wangapi wangemshirikisha mke wa karani katika jambo kama hilo. Alikuwa anataka tuone alichokiona, tusije tukamwamini kwa koti lake.

Kisha alivuta kiti akakaa mbele ya mama mkwe, magoti yanakaribia kugusana. Akasema, "Sukari ikila mishipa ya fahamu huanza na miguu, tena yote miwili, na hupanda pole pole. Miguu yako ni kazi ya sukari, sina shaka. Lakini sukari haiwezi kuruka ikaja kuchagua kidole kimoja na nusu cha mkono mmoja, na kuuacha mwingine mzima. Huu mkono una ugonjwa wake. Mama, ni ukoma."

Neno lile lilikuwa zito miaka ile, na nadhani bado ni zito. Niliwaza makazi ya wakoma, niliwaza mtoto wangu aliyelala mgongoni kwa bibi yake kila jioni, niliwaza mapipa ya kikundi. Daktari akasema mengine yote bila kuulizwa. Kwamba aina hii ya doa moja na mshipa mmoja ni ile ambayo mwili unapigana nayo, na ni nadra kumwambukiza mtu. Kwamba haendi kokote, atameza vidonge nyumbani kwake. Kwamba watu wote wa nyumbani tuletwe tuangaliwe. Na kwamba magonjwa yale mawili yalikaa katika mwili mmoja, moja likijificha nyuma ya mwenzake, na kila mtu aliyemtazama alimwona yule wa mbele.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. "Mkono utabaki?"

"Vidole siahidi kwamba vitanyooka. Nguvu ya kushika, hiyo nitaipigania."

Alijifunga khanga vizuri kiunoni. "Basi tuanze," akasema.

Nimesikia watu wakisifu ujasiri wa vitani. Mimi nimeona ule wa mwanamke aliyekaa kwenye benchi la hospitali, aliyeambiwa neno ambalo watu walilitamka kwa kunong'ona, akauliza swali moja tu, lile lenye maana.

Walimlaza kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo daktari alipopata kazi ya kweli. Mshipa ulikuwa umevimba, na dawa ya kushusha uvimbe ule ilipandisha sukari. Ukitibu hili, unalichochea lile. Kila asubuhi walichemsha mkojo wake kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, juu ya taa ya spiriti, na rangi ndiyo ilisema: ikibaki buluu ni heri, ikiwa kijani si vibaya, ikifika rangi ya tofali ni hatari. Siku za kwanza ilifika rangi ya tofali, akaongezewa dawa ya sukari, ikarudi, ikapanda tena. Daktari alipita asubuhi na alasiri, akikisogeza kipimo cha dawa hii na cha dawa ile kidogo kidogo, kama mtu anayetoa na kuongeza kuni. Mama mkwe alitazama kile kichupa kwa jicho la mpishi. Alimwambia muuguzi kwamba maisha yake yote amepika vitu vingi, lakini huo ulikuwa ufundi mpya, na kwamba wakiona umeiva wasisahau kumwonjesha daktari.

Sisi wa nyumbani tuliangaliwa wote, na hatukuwa na kitu. Mume wangu alifurahi, kisha akaanza kuwaza kama karani. Alikuja wodini akamwambia mama yake kwamba watu waambiwe ni sukari. Hakusema kwa ubaya. Mafuta ya kikundi yalikuwa yanauzwa hadi nje ya mkoa, na alisema likitajwa lile neno hakuna atakayenunua hata kibaba, na akina mama wote watakosa. Alisema pia kwamba watu watamkimbia. Mama mkwe hakubishana naye. Alimwuliza kama amekula.

Lakini jambo lilikuwepo ambalo sukari isingeweza kulifunika. Daktari alikuwa amemwambia kwamba adui wa mkono ule sasa ni moto wenyewe. Usiposikia unaungua, unaungua hadi mfupani, na kidonda cha mgonjwa wa sukari hakina haraka ya kupona. Asiguse tena cha moto bila kitambaa. Asidondoshe tone. Kwa hiyo ili aubakishe mkono ilimbidi aachane na kile kilichoupa jina, tena mbele ya watu walewale waliompa jina hilo.

Aliporudi nyumbani alikaa siku chache akishona vishikio viwili vya kupakulia kwa khanga kuukuu. Alivishona mwenyewe, sindano ikimponyoka na yeye akiiokota. Nilitaka kumsaidia, akanitazama, nikaenda kuteka maji. Siku ya kupika ilipofika alivichukua, akatoka navyo uani akiwa amevishika waziwazi. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtoto.

Pipa lilikuwa limekwisha kuchemka. Mama mkwe alivaa vile vishikio, akasogeza sufuria ya mafuta, akachota mafuta kwa upawa. Hakupeleka mkononi. Alidondosha tone juu ya kaa la moto, tone likapasuka kwa mlio, akasema bado yana maji. Yule rafiki yake mnene ndiye aliyeona lazima aseme kitu, akasema kwa kicheko kwamba hospitali wamempokonya yaya chuma chake.

"Hakikuwa chuma," mama mkwe akasema. "Mkono ulikuwa hausikii. Miguu yangu ina sukari, hilo mnalijua. Mkono huu una ukoma. Nameza dawa za vyote viwili. Anayeogopa mafuta yangu aseme leo, nisikie kwa mdomo wake, nisije nikaletewa na upepo."

Mmoja alivuta khanga akajifunika mdomo. Mwingine alirudi hatua nyuma, kisha akaona anatazamwa akasimama. Sitaki kuwapamba, waliogopa, nami ningeogopa. Mama mkwe hakuwaacha wakae na hofu yao. Alitoa kifuani kijiti chenye uzi wa nailoni, alichopewa na daktari ajiangalie nacho miguu kila siku, akakaa kwenye kigoda. Akasema sote tuna chapa za pipa, na chapa moja katika zake haikuwa ya pipa, wala hakuna aliyejua. Basi waje mmoja mmoja, wafumbe macho, na kila wakisikia waseme hapa.

Walikuja. Sijui kama ni ujasiri au ni mazoea ya kumtii. Alikuwa akifanya kama alivyofanyiwa, bila haraka, doa moja baada ya jingine, uzi ukipinda na kunyooka. Hapa, hapa, hapa, walisema, kwanza kwa woga, halafu wakaanza kutaniana, na baada ya muda uwanja ulikuwa na kicheko kama cha siku zote. Mimi nilisimama karibu naye na kutazama. Niliwaza kwamba foleni ya mama mkwe nayo haisogei.

Rafiki yake alikuja mwisho, akajishusha chini kwa kuguna, akanyoosha mikono yake minene yote miwili na kufumba macho kwa mbwembwe. Hapa, akasema. Hapa. Hapa tena, unanitekenya. Mama mkwe alipandisha mkono wa gauni la mwenzake hadi karibu na bega. Palikuwa na doa pana kidogo, limepauka. Akaubonyeza uzi ukapinda. Akauondoa. Akaubonyeza tena, kando kidogo, kisha katikati, na kidole chake kimoja kikapita juu ya ile ngozi taratibu.

"Anza basi, yaya," rafiki yake akasema, macho bado kayafumba, anatabasamu.

Nilimtazama mama mkwe. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliliteremsha gauni la mwenzake, akalinyoosha kama anavyomnyooshea mtoto, akasema imetosha, fumbua, mafuta yanaungua. Wengine walikwisha kurudi kwenye mapipa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba kesho anakwenda hospitali kuchukua vidonge vyake, na njia ile ni ndefu kwa mtu mwenye miguu mibaya. Akamwuliza kama atamsindikiza. Yule mwanamke akasema hilo nalo ni la kuuliza.

Asubuhi nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikawatazama wakishika barabara ya kwenda Kigoma. Rafiki yake alikuwa anaongea, kama kawaida yake. Mama mkwe alitembea upande wa pili akisikiliza, na ule mkono wake wa kulia, wenye vidole viwili ambavyo havikunyooka tena mpaka alipokufa, ulikuwa umemshika mwenzake kwa nguvu.